Grab, seize, grasp, grip, clutch: zote ni "kushika"? Sentensi moja imenikwamisha wiki nzima

KalamuKavu (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Uzi ni mrefu kidogo, wavivu wa kusoma mtanisamehe.

Kuna hadithi fupi natafsiri kutoka Kiingereza. Mama mmoja amekaa mbele ya daktari, bahasha ya majibu iko mezani, daktari anavua miwani kabla ya kusema chochote. Hapo mwandishi anaweka sentensi ya maneno manne: "She clutched her bag." Basi. Mimi nikaandika, "Aliukamata mkoba wake." Mhariri akanirudishia na swali pembeni kwa wino mwekundu: "Mkoba ulikuwa unakimbia?"

Nikacheka. Halafu kicheko kikakata, maana ni kweli, kinachokamatwa ni kile kinachotoroka: mwizi, kuku, panya. Nikafuta nikaweka "aliushika". Nikaisoma kwa sauti, nikaona imepoa. Mkoba anaushika hata mtu anayesubiri lifti huku anapiga miayo. Huyu mama anasubiri kusikia kama atapona, na mwandishi hajasema popote kwamba anaogopa. Hofu yote kaifungia ndani ya kitenzi kimoja.

Nikageukia kamusi. Grab: shika, kamata. Seize: kamata, shika. Grasp: shika, kamata. Grip: shika kwa nguvu. Clutch: shika sana, kamata. Kwa mwendo huo Waingereza wana maneno matano yanayofanya kazi ya neno moja, na sisi tukitaka kuyatenganisha tunaongeza "kwa nguvu", "kwa nguvu sana", "kwa nguvu zaidi", kama mtu anayekaza nati.

Wiki nzima nimekaa nayo na nimeanza kuamini kwamba nguvu si kipimo chake. Kipimo cha kwanza ni hiki: mkono ndio unafika, au umeshafika na unakaa? Ongeza "for an hour" uone. "He gripped the rope for an hour" inakubali, unamwona jamaa ananing'inia saa nzima. "He grabbed the rope for an hour" inagoma. Ukiilazimisha unamwona mtu anaidaka kamba, anaiachia, anaidaka tena, mpaka saa inaisha. Grab, snatch, seize na catch ni maneno ya kufika. Hold na grip ni ya kukaa. Clutch inafika halafu inakataa kuondoka. Grasp sijui niiweke wapi, imesimama mlangoni mguu mmoja ndani mmoja nje.

Kipimo cha pili ndicho kinachonitesa: neno linasema nini kuhusu mwenye mkono? Grip inakupa habari za vidole tu. Mpanda milima anaweza kuwa na grip ya chuma kwenye mwamba na moyo wake umetulia, tena ndivyo anavyopaswa kuwa. Clutch inakuambia kwamba kitu hiki kikiondoka, mwenye nacho ataumia. Mtoto na mdoli wake gizani ni clutch. Anayezama na unyasi ni clutch.

Hapo kwa anayezama tunayo ya kwetu, mfa maji hukamata maji. Sasa angalieni: methali imetumia "kamata" na imekaa vizuri kabisa. Mbona mimi nimekataliwa?

Naomba michango. Mwenye neno moja la Kiswahili la kumtosha huyu mama alilete.

Bisbisi

Nimewahi siti ya mbele.

Mkuu unajitesa bure. "Aliushika mkoba kwa hofu." Kwisha habari, kalale.

KalamuKavu

@Bisbisi ukiandika "kwa hofu" umeshamwambia msomaji. Mwandishi alitaka msomaji aione mwenyewe. Ni sawa na kutega kitendawili na kukitegua hapohapo.

Na hilo la "shika inatosha", mwambie mtangazaji wa mpira aseme "kipa ameshika" dakika zote 90. Kipa anadaka. Akishadaka ndipo anakuwa ameushika. Mtego unanasa. Kibaka anakwapua na kukimbia, jambazi anapora mkiwa mnatazamana. Sisi wenyewe tunagawanya mikono vizuri tu, ila mipaka yetu imepita kwingine. Tatizo langu si kwamba Kiswahili hakina maneno. Tatizo ni kwamba ramani mbili hazilaliani.

FundiChini

Mimi ni fundi wa magari, Kiingereza changu ni cha vipuri. Lakini clutch na seize nazijua kwa mikono kwa hiyo nichangie.

Klachi ni hivi. Diski inabanwa kati ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, na presha pleti, sahani ya chuma inayoikandamiza. Diski yenyewe haijafungwa kwa bolti kwenye injini, inashikwa kwa msuguano peke yake, na springi ndiyo inayobana muda wote. Madereva wengi wanadhani ukikanyaga pedali ya klachi ndiyo unashika. Hapana, ukikanyaga unaachia. Ukitoa mguu ndipo inashika. Maana yake hali yake ya kawaida ni kubana, kuachia ndiko kunakohitaji kazi. Mleta uzi yuko sahihi kabisa kuhusu "inakataa kuondoka". Na ugonjwa mkubwa wa klachi ni kuteleza: injini inapiga kelele, gari halisogei.

Seize sasa. Injini ikikosa oili, joto linapanda, vyuma vinatanuka, pistoni inang'ang'ania kwenye silinda na hakuna kinachozunguka tena. Waingereza wanasema injini ime-"seize". Hakuna mkono hapo, hakuna mtu. Kitu kilichokuwa kinakwenda kimesimamishwa na hakuna majadiliano. Nikisikia redioni neno hilohilo kwa wanajeshi walioteka serikali, naiona pistoni ileile.

Bisbisi

Fundi umetisha. Nilikuwa sijui hiyo ya kukanyaga ni kuachia na nina leseni.

MwanafunziWaUsiku

Shikamooni wakubwa zangu. Nasoma Kiingereza jioni. Wiki iliyopita niliandika "He has held a knife" nikimaanisha "ameshika kisu", mwalimu akakata. Nikaandika pia "I was seized by hunger", akaandika pembeni "kwani njaa ilikuja na bunduki?" Sikuelewa kosa liko wapi, na niliona aibu kuuliza darasani.

Bi_Sarufi

Marahaba mdogo wangu. Makosa yako ni ya mtu anayefikiri vizuri kwa Kiswahili, usione aibu.

La kwanza. Kiswahili kina vitenzi ambavyo kitendo chake hupita upesi na kuacha hali nyuma yake: kukaa, kulala, kusimama, kuvaa, kushika. Hali hiyo tunaitaja kwa -me-. "Amevaa koti" maana yake koti liko mwilini sasa hivi. "Ameshika kisu" maana yake kisu kiko mkononi sasa hivi. "Anashika kisu" ni jambo jingine, ndio kwanza mkono unakwenda, au ni mazoea yake. Mwingereza hali hiyo anaitaja kwa "is holding". Ukimpa "has held" anasikia kwamba huyu mtu amewahi kushika kisu maishani mwake, labda mara moja, labda zamani. Umemwondolea mshukiwa kisu mkononi.

Hapo ndipo pia jibu la mleta uzi linapoanzia. Kile anachokiita kufika na kukaa, Kiingereza kinakitenga kwa kubadilisha kitenzi, grab kisha hold. Sisi tunakiacha kitenzi palepale tunabadilisha kiambishi: alishika, ameshika, akashikilia.

La pili, njaa. Sisi mtu hushikwa: na njaa, na usingizi, na hasira, na mafua. Ni lugha ya kila siku, haina tamthilia ndani yake. Kiingereza kimegeuza. Mafua anayakamata mgonjwa, "I caught a cold", kana kwamba alitoka nje kuyawinda. Ukisema "seized by" unamaanisha kitu kimekuvamia ghafla na kukutawala, kama hofu kuu. Njaa ya saa saba mchana haifiki huko. Sema tu una njaa.

MwanafunziWaUsiku

Ahsante sana dada. Hiyo ya kumwondolea mshukiwa kisu sitaisahau.

ChumaKizito

Mimi nitaongea moja tu, snatch. Kwenye kunyanyua vyuma kwa mashindano ya Olimpiki kuna minyanyuo miwili. Mmoja unapandisha chuma hadi mabegani, unatulia, ndipo unakisukuma juu ya kichwa. Mwingine unakitoa sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, hakuna kituo. Huo wa pili ndio unaitwa snatch. Kwa hiyo ukiliona neno kwenye hadithi, jua hakuna katikati. Kitu kilikuwa pale, sasa kiko hapa. Hata usingizi wa dakika 20 katikati ya kazi wanautaja kwa snatch.

KalamuKavu

Safi sana. Hapo ndipo ninapoitenganisha na grab. Grab haina sherehe, lakini si lazima pawe na wa kunyang'anywa. Rafiki anakuambia "grab a seat" na hakuna aliyedhulumiwa kiti. Msaili anakuambia "take a seat" na unajikuta unafunga kifungo cha koti. Snatch inanukia mkono wa mwingine uliokuwa karibu na kile kitu.

Nina jamaa aliandika ripoti ya kikao, akitaka kusema alichukua nyaraka kutoka kwa mkurugenzi, akaandika "I grabbed the documents from the director". Alitaka ionekane ya kisasa. Mkurugenzi akamuuliza mbele ya watu kama walipigana.

WakiliKivuli

Ngoja niongeze la kwangu kuhusu seize, kwa sababu hili neno limekulia mahakamani.

Liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuitwaa Uingereza mwaka 1066, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa ya ardhi: kumweka mtu rasmi katika miliki ya shamba lake. Kwa maana hiyo kulikuwa na neno "seisin", yaani hali ya kuwa umeshikishwa ardhi kisheria. Polepole neno likageuka kutoka kukabidhi hadi kutwaa. Hadi leo linatembea na mamlaka mgongoni. Forodha wana-seize shehena, mahakama ina-seize mali ya mdaiwa. Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani, yaliyoridhiwa 1791, yanawakinga watu na upekuzi na "seizures" zisizo na sababu ya msingi. Ona, wamekataza zisizo na sababu, hawakukataza zote. Ndani ya neno kuna nafasi ya uhalali.

Grab haina nafasi hiyo. Gazeti moja likiandika serikali imefanya "seizure" ya ardhi na jingine likaandika "land grab", wamezungumzia shamba lilelile siku ileile, na kila mmoja ameshatoa hukumu kwenye kichwa cha habari. Mtafsiri akiweka "kuchukua" pote pawili amefuta ugomvi mzima.

Halafu watu wa tahajia, seize ni e kabla ya i. Ile kanuni mliyokaririshwa, "i before e except after c", haiisaidii hapa.

NesiMstaafu

Wanangu, nimesoma wote. Nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi, niwaambie kuhusu grasp maana naona mmeiacha mlangoni inapigwa na baridi.

Mtoto mchanga, hata wa saa chache, ukimwekea kidole kwenye kiganja anakifunga. Hakujui, na hajaamua. Wenzetu wanaita "grasp reflex". Huanza kupotea mtoto akikaribia miezi 4 mpaka 6, na baada ya hapo ndipo anajifunza kushika kwa kutaka mwenyewe. Unapokitazama kile kiganja unaelewa kwa nini hawakusema grip. Hakuna kukaza kwa kusudi. Ni kuzungushia: vidole vyote vinakizunguka kidole chako hadi kinamezwa. Grasp ni kukipata kitu chote ndani ya mkono. Nadhani ndiyo maana neno hilohilo linafaa kwa akili, mtu aki-"grasp" jambo ameshalizungushia vidole pande zote.

Na grip ina elimu yake. Mwaka 1956 mwanaanatomia Mwingereza, John Napier, aliandika kwamba mkono wa binadamu una mishiko mikuu miwili: wa nguvu, kama unavyoshika nyundo, kitu kikiwa kimebanwa kiganjani, na wa ulengaji, kama unavyoshika sindano kati ya kidole gumba na ncha za vidole vingine. Chupa yenye kifuniko kilichokaza unaianza kwa mshiko wa kwanza, kikilegea unamalizia kwa wa pili bila hata kujua umebadilisha. Yote miwili aliiita grip, maana swali lake lilikuwa vidole vimekaaje. Hakuuliza mgonjwa anajisikiaje.

Seizure kwetu hospitalini ni degedege au kifafa. Mwili umetekwa na mwenyewe hayupo. Nadhani fundi ataielewa haraka kuliko wote.

FundiChini

Nimeielewa mama. Pistoni.

MtumwaWaKamusi

Nimechelewa lakini nimekuja na mizigo. Nipeni nafasi, mimi haya ndiyo yananikosesha usingizi.

"Take" si neno la Kiingereza kwa kuzaliwa. Lilikuja na Waskandinavia waliovamia na kisha kuhamia Uingereza, uvamizi ulioanza kushika kasi mwishoni mwa karne ya 8. Kiingereza cha kale kilikuwa na neno lake, "niman", ndugu wa "nehmen" ya Kijerumani. Mgeni akamfukuza mwenyeji hata kwa kazi hii ndogo ya kuchukua. Lakini niman hakufa wote. Ameacha "nimble", mwepesi, yaani mtu wa kuchukua haraka. Na ameacha "numb". Numb kwa asili ni "aliyechukuliwa". Mguu wenye ganzi ni mguu uliochukuliwa, uko hapo lakini si wako. Kila nikikaa vibaya kwenye kiti nawakumbuka wale Waskandinavia, ingawa ganzi yangu hawana hatia nayo, wao walifukuza neno tu.

"Catch" na "chase" ni neno moja lililoingia kupitia milango miwili, lahaja mbili za Kifaransa. Moja ikabaki na mbio, nyingine ikaondoka na windo. Kwa hiyo catch daima ina kitu kinachotembea: mpira, samaki, basi, maneno yanayopita hewani. Ndiyo maana "I didn't catch your name" ni kwamba jina lilipita sikioni halikukaa, sisi tungesema "jina lako sikulishika" au "sikulipata". Ukisema hukuli-"grasp" unadai jina lake lina falsafa ndani.

Kilatini nako kuna "prehendere", kushika. Imezaa comprehend, apprehend, apprentice, na hata prison, kupitia Kifaransa. Mwanafunzi wa ufundi na mfungwa wametoka tumbo moja.

Na la mwisho, ambalo linaniudhi. "Carpe diem" ya Horace, mshairi wa Kirumi, kwenye mashairi yake ya mwaka 23 KK. Waingereza wamezoea kuitafsiri "seize the day", wamefanya siku kuwa ngome ya adui. Kitenzi chake ni cha bustanini, cha kuchuma tunda lililoiva. Kiswahili kingeipata vizuri kuliko wao: ichume siku. Hakuna bunduki, hakuna jasho, kuna tunda na mkono na habari ya kuwahi kabla halijaoza.

Bisbisi

Tena kuchuma kwetu ni pamoja na kuchuma mali. Horace angefurahi.

Ila mkuu hujajibu. Mama bado yuko kwa daktari.

Bi_Sarufi

Nina deni la methali, niilipe.

Kiswahili kilikuwa na mwisho wa kitenzi maalum kwa jambo hili hili mnalojadili. Angalieni: fumba, fumbata. Kama, kwa maana ya kukama maziwa, kuminya, halafu kamata. Pakata, kumbata, ambata. Zote zinaishia na -ta, na zote kuna vitu viwili vimegusana na havijaachana. Wanasarufi wanauita mnyambuliko wa kugusana. Siku hizi haufanyi kazi tena, huwezi kuuchukua ukaubandika kwenye kitenzi kipya, lakini masalia yake yamebaki na tunayatumia kila siku bila kujua yalikuwa familia.

Kwa hiyo kamata, kwa mzizi wake, ni kuminya na kubaki umegusa. Haina mwizi wala polisi. Mazoea ndiyo yaliyoiweka kwenye vitu vinavyotoroka. Na sasa methali: mfa maji hukamata maji. Kuna kitu kinachotoroka mkononi kuliko maji? Neno limekaa mahali pake hasa, na uchungu wake uko hapo. Mkoba wa ngozi uliotulia mapajani hautoroki. Mhariri wako ana sikio.

Kwenye Kiingereza kazi hiyo ya kutoroka inafanywa na kineno kidogo, "at". "He clutched the rope", kamba anayo. "He clutched at the rope", vidole vimekwenda, kamba labda hana. Hivyohivyo grab at, snatch at, grasp at. Wanafunzi wanakiruka kineno hiki kama vumbi, na wakikiruka wamemwokoa mtu aliyezama.

Na kuna jambo ambalo lugha zote mbili zimekutana bila kupanga. "She took his hand" na "she took him by the hand". Ya pili anayeshikwa ni mtu, mkono ni mahali tu. Sisi: "aliushika mkono wake" na "alimshika mkono". Ile ya kwanza kwa Kiswahili inatisha kidogo, kana kwamba mkono ulikuwa peke yake mezani. Nimewahi kuiona kwenye tafsiri ya mapenzi. Mapenzi yaliishia hapo.

KalamuKavu

Bi Sarufi, nimesoma mara tatu. Basi kama ni ukoo wa -ta, nitumie "fumbata"? "Aliufumbata mkoba wake."

Bi_Sarufi

Kinachofumbatwa kinaenea kwenye ngumi, kaka. Sarafu, ufunguo, karatasi iliyokunjwa. Labda mama yako ana mkono wa jitu.

KalamuKavu

"Aliukumbatia"?

NesiMstaafu

Hapo umeweka mapenzi, mwanangu. Nimewaona kina mama wengi kwenye kile kiti. Mkoba haupendwi. Mkoba ndio kitu pekee kilichobaki chumbani ambacho daktari hana mamlaka nacho.

WakiliKivuli

"Aliung'ang'ania"?

KalamuKavu

Inaleta mtu wa pili anayeuvuta. Nilishaijaribu Jumanne. "Aliushikilia" ndiyo nimebaki nayo, lakini polisi nao wanashikilia watuhumiwa, na kila nikiisoma naona pingu.

Bisbisi

Aliubana mkoba kifuani.

MtumwaWaKamusi

...

FundiChini

Nilisema springi inabana muda wote. Nilisema juu kabisa.

KalamuKavu

Bisbisi. Wewe si ndiye uliyesema nikalale?

"Daktari alivua miwani. Mama aliubana mkoba kifuani." Kuna vidole, kuna mikono, kuna hata pumzi iliyobanwa pamoja nao. Hakuna neno hofu. Nimeongeza "kifuani" ambayo mwandishi hakuiweka, dhambi hiyo nitaibeba mwenyewe.

Bi_Sarufi

Ibebe tu. "Aliubana mkoba" peke yake ingeuliza "wapi", Kiswahili kinadai mahali. Ila ujue kuna kitu umekipoteza: clutched inaanza ghafla, bana inaweza kuwa ilianza tangu mlangoni.

KalamuKavu

"Akaubana", basi. Ile -ka- iniletee ghafla yangu: daktari alivua miwani, mama akaubana mkoba kifuani.

Bi_Sarufi

Hapo sasa.

KalamuKavu

Mrejesho wakuu. Mhariri kapitisha, hakuandika kitu pembeni, kaweka alama ya vema tu. Lakini ukurasa wa pili yule mama katoka nje kwenye mvua na "she fumbled for her keys". Nimeandika "alitafuta funguo", nimefuta. Nimeandika "alihangaika na funguo", nimefuta.

Bisbisi

Alipapasa mkobani. Kalale mkuu.